Kulihifadhi Gari la Safari Msimu wa Masika

Wengi wetu tunaokaa mwambao, kutoka Lamu hadi Mtwara, na tuliojaaliwa kuwa na gari la safari, yaani lile Land Rover au Land Cruiser lililofungwa hema juu ya paa, tanki la maji ubavuni, friji ndogo nyuma na betri ya pili chini ya boneti, hulihofia gari hilo pale tu linapokuwa njiani. Tukiwa katika makorongo ya Engaruka husikiliza kila mlio wa springi, tukashuka kutazama tairi kila tupitapo jiwe kubwa, na usiku tukalala na wasiwasi wa ile harufu ya mafuta tuliyoinusa jioni. Lakini gari lile lile likisha kuingia uani na geti likafungwa, hofu yote hutuondoka, tukadhani kwamba madhali halitembei basi na halichakai. Dhana hiyo imeyaua magari mengi ya mwambao kuliko barabara yoyote mbovu, na ndiyo iliyonisukuma kuyaandika haya.

Gari la kwendea kazini huwashwa kila asubuhi, likapata moto, likatikisika, likajikausha kwa mwendo wake lenyewe. Gari la safari halina bahati hiyo. Mwenyewe hulitumia Januari na Februari, wakati wa kaskazi na jua kali, kisha masika huingia mwezi wa Machi, njia za mbugani zikageuka tope, kambi nyingi za kusini zikafungwa Aprili na Mei, na gari likabaki uani hadi nchi itakapokauka mwezi wa Juni. Miezi hiyo, ambayo hakuna anayelifikiria, ndiyo yenye mvua nyingi na unyevu mwingi kuliko yote ya mwaka, na mwenye busara huihesabu kuwa ni sehemu ya safari, tena sehemu iliyo ngumu kupita zote. Mabaharia wa jahazi waliyajua haya tangu kale: chombo kilipopwelezwa kungoja msimu, hapo ndipo kazi ilipoanza, kikakwanguliwa, kikatiwa kalafati, kikapakwa sifa na deheni, na hakuna nahodha aliyestahi jina lake aliyekiacha vivi hivi mchangani mpaka pepo zigeuke.

Adui wa kwanza ni chumvi, nami nitakaa naye kwa kirefu, kwani hakuna adui anayedharauliwa kama yeye. Chumvi ya bahari ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani: unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi, chembe iliyokuwa kavu huanza kuyeyuka yenyewe ikawa tone la maji ya chumvi, hata kama hakuna mvua iliyonyesha. Na nani asiyejua kwamba usiku wa Tanga, wa Dar es Salaam na wa Mombasa huupita unyevu huo takriban mwaka mzima? Kwa hiyo gari lililotoka Saadani, ambako mbuga hushuka hadi ufukoni penyewe, likarudi na ukungu wa chumvi chini ya tumbo lake, hulowa kila usiku na kukauka kila mchana, na kila kulowa ni kutu mpya. Msomaji akitaka kuyahakikisha haya kwa mkono wake, na apitishe kidole juu ya bawaba ya mlango wa nyuma alfajiri moja ambayo haikutanguliwa na mvua: kidole kitatoka na unyevu unaonata, na akiutia ulimini ataijua ladha yake.

Basi kazi ya kwanza, nayo ifanywe kesho yake ya kurudi wala isingoje mwisho wa juma, ni kuliosha gari kwa maji matamu, ya bomba au ya mvua. Nasema maji matamu kwa kusudi, kwa kuwa visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na anayeosha kwa hayo anaiondoa chumvi kwa mkono wa kulia na kuirudisha kwa mkono wa kushoto. Wala kuosha ninakokusudia si kule kung'arisha bodi na vioo ili majirani waone, bali ni kulala chali juu ya gunia, mpira wa maji mkononi, na kuyapeleka maji ndani ya chasisi kwa kila tundu lililopo, juu ya tanki la mafuta, nyuma ya magurudumu, na baina ya bapa moja la springi na jingine, mpaka yatokayo yawe safi kama yaingiayo. Kisha chukua kijiti uyazibue yale matundu madogo yaliyo chini ya milango, kwa sababu maji ya mvua yanayopenya pembeni mwa kioo hushukia humo, na tundu likizibwa na vumbi mlango hugeuka kuwa chungu cha maji. Siku nzima gari liachwe juani, milango na boneti wazi, mikeka na viti vimetolewa. Lisipokauka kabisa hakuna faida ya kulipaka chochote, kwani mafuta yaliyopakwa juu ya unyevu huufunika tu. Likikauka, hapo ndipo chasisi hupuliziwa mafuta mazito au nta ndani na nje, kwa hadhari yasifike kwenye breki wala kwenye mipira, na kila nipeli hutiwa grisi mpaka ile ya zamani, iliyochanganyika na maji na mchanga, itoke yote.

Wenye Land Rover wana imani yao kwamba gari lao haliozi, na imani hiyo ina asili. Gari hilo lilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndipo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo kweli haishiki kutu. Walakini chasisi iliyo chini yake ni ya chuma, tena ni boksi lenye uvungu, ambalo huanza kuoza kwa ndani huku nje likionekana zima. Na fauka ya hayo, pale aluminiamu inapogusana na chuma na maji ya chumvi yakawa kati yao, aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikatoa unga mweupe chini ya rangi. Ukiuona unga huo ukizunguka skrubu za mlango, usiupake rangi juu yake. Fungua, kwangua hadi kwenye madini safi, utie kipande chembamba cha mpira au rangi ya kuzuia kutu baina ya madini hayo mawili, ndipo urudishe. Naye aliyepita Ziwa Natron asijidanganye kuwa alikuwa mbali na bahari, maana vumbi la magadi likilowa huila aluminiamu vile vile, na lina mazoea ya kujificha ndani ya kasha la kichujio cha hewa, mahali ambapo mpira wa kuoshea hauwezi kufika.

Ama hema, hilo ndilo linaloharibika upesi kupita vyote na ndilo linalosahauliwa upesi kupita vyote, kwa sababu likifungwa juu ya paa halionekani. Hema lililokunjwa asubuhi na umande wake, hata likiwa limelowa kidogo tu, huota ukungu mweusi kwa muda wa siku chache katika joto letu, na ukungu ukisha kuingia katika uzi wa pamba hautoki tena. Doa laweza kufifia, lakini kitambaa kimekwisha kudhoofika. Lifungue nyumbani siku ya kwanza ya jua, hata kama uliapa kwamba lilikuwa kavu ulipolikunja, ulitikise mchanga na mbegu za nyasi, utoe godoro na kuligeuza, kwa kuwa jasho la walalao hukusanyika chini yake. Uchafu uondolewe kwa maji na brashi laini peke yake; sabuni ya kufulia huondoa ile dawa inayozuia maji, na mvua ya safari ijayo itakukumbusha usiku wa manane. Zipu zipakwe nta ya mshumaa. Lakini lisiachwe wazi juani kwa siku nyingi, maana jua lile lile linalolikausha hulila kitambaa, na jioni likiwa kavu likunjwe.

Vyombo vya ndani havina maneno mengi. Tanki la maji limwagwe lote na bomba zake ziachwe wazi zipumue. Kabla ya safari nyingine lijazwe maji yaliyotiwa dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, kiasi cha mililita 60 kwa lita 60 za maji, yakae saa nne au zaidi, kisha lioshwe mpaka harufu iishe. Friji ifutwe kwa siki na mlango wake uachwe wazi kidogo kwa kitambaa kilichokunjwa, kwani friji iliyofungwa ikiwa imezimwa hunuka harufu isiyotoka. Mtungi wa gesi ndio wa kuogopewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja haipandi ikatoweka, bali hushuka ikatanda sakafuni kama maji, na ndani ya gari lililofungwa hukaa ikingoja cheche ya kwanza. Kwa hiyo mtungi ufungwe, uvuliwe, usimamishwe wima nje penye kivuli na hewa, na mpira wake upakwe povu la sabuni kila unaporudishwa: palipo na mapovu yanayokua pana tundu.

Sasa tuje kwenye betri, ambayo aghalabu mtu huijua hali yake siku ile anapotaka kuondoka na familia imekwisha panda. Betri ya risasi na asidi, ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 au 12.7; ikionyesha 12.4 imebakiwa na robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu na kuisha. Hujimaliza yenyewe bila ya kutumiwa, na joto huizidishia kasi, kiasi cha maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, sembuse saa na redio na king'ora vinavyonyonya usiku na mchana. Ikikaa ikiwa tupu, chumvi ya risasi iliyo juu ya sahani zake huganda ikawa fuwele ngumu, na baada ya hapo hakuna chaji itakayoirudishia nguvu zake zote. Chaji betri zote mbili zijae, kisha uvue waya wa hasi kwanza, nao wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Na kama gari linakaa penye mwanga, paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chake ni fedha iliyotumika vizuri. Mafundi wa zamani husema betri isiwekwe juu ya sakafu ya saruji. Neno hilo lilikuwa na haki yake zama za makasha ya mbao, ila kasha la plastiki la leo halidhuriki na sakafu. Kinachotakiwa ni mtu kuipima mara moja kwa mwezi na kuijaza kabla haijafika 12.4.

Kuna desturi iliyoenea ya kumwagiza mlinzi aliwashe gari kila Jumapili kwa dakika tano, «lisilale sana», nami naipinga kwa nguvu zangu zote. Kila lita ya mafuta inayoungua huzaa karibu lita nzima ya maji katika sura ya mvuke. Injini ikiwa na moto wa kutosha, mvuke huo hutoka wote. Ikiwashwa kwa dakika tano, bomba la moshi lingali baridi, mvuke hugeuka maji ndani yake, na mwingine huteremka ukachanganyika na oili, na betri nayo haikurudishiwa hata kile kilichotumika kuwashia. Ama gari litembezwe kilomita 20 au 30 mara moja kwa mwezi, mpaka injini, giaboksi na breki zote zipate moto sawasawa, ama liachwe lilale kabisa kwa matayarisho yake. Njia ya katikati ndiyo yenye madhara. Na matayarisho hayo huanza kwa kubadilisha oili wakati wa kulaza, wala si wakati wa kuamsha, kwa kuwa oili iliyotumika ina asidi na masizi, na si vyema asidi hiyo ikae miezi mitatu juu ya vyuma visivyosogea. Tanki la dizeli lijazwe, maana nafasi tupu ndani ya tanki ni nafasi ya hewa yenye unyevu, unyevu hugeuka maji, na pale maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu vinavyofanya ute mweusi wa kuziba kichujio. Maji yaliyokusanyika chini ya kichujio yamwagwe siku ya kulaza na siku ya kuamsha. Kadhalika rejeta isijazwe maji matupu kwa hoja kwamba kwetu hakuna barafu. Kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu peke yake, bali hulinda madini yasiliwe, na maji ya bomba hayana ulinzi huo.

Tairi zina tarehe yao, na wachache huisoma. Ubavuni mwa kila tairi mna tarakimu nne, mbili za mwanzo zikiwa juma na mbili za mwisho zikiwa mwaka, hata 2319 ikawa ni juma la 23 la mwaka 2019. Gari la safari huzeesha tairi kabla halijazimaliza: kashata zingali ndefu, mwenye gari akajivuna, ilhali mpira umekwisha kupasuka nyufa ndogo ubavuni. Mpira una nta ndani yake ya kuukinga na hewa na jua, na nta hiyo hupanda juu kwa kukunjwakunjwa na mwendo. Tairi iliyosimama hunyimwa kinga yake yenyewe. Kwa hiyo zitiwe upepo kamili, zifunikwe kwa magunia au mbao upande wa jua, na gari lisogezwe kidogo kila baada ya majuma machache lisilalie mahali pamoja. Ikifika miaka kumi, ibadilishwe hata ikionekana nzuri, na ile ya akiba ihesabiwe pamoja na wenzake. Hendibreki isivutwe, kwa sababu katika unyevu wa masika breki huganda zikashikana na ngoma zake. Liachwe katika gia, likazuiwe kwa kabari za mbao mbele na nyuma. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani kimya kimya, na yabadilishwe kila miaka miwili, safari iwe imefanywa au isifanywe.

Kuhusu mahali pa kuliweka, watu hukimbilia turubali la nailoni, wakalifunika gari gubigubi mpaka chini, nami nadiriki kusema ni afadhali liachwe wazi kwa mvua kuliko kufunikwa hivyo. Nailoni huzuia maji ya juu, huku ikizuia pia mvuke unaopanda kutoka ardhini, na asubuhi ukilifunua utaikuta bodi imetoka jasho. Bora kuliko yote ni banda lililo wazi pande zote, la mabati au la makuti, juu ya saruji au kokoto, mbali na nyasi. Makuti yana ubaridi wake, lakini panya huyapenda. Panya hahitaji zaidi ya punje chache za mchele zilizoanguka chini ya sanduku la vyombo. Akizifuata, hukaa, na akikaa hujenga tandiko lake juu ya injini kwa pamba ya siti na hula mipira ya nyaya. Usiache ndani ya gari unga, wala karanga, wala sabuni, na sanduku la dawa lipelekwe nyumbani, maana dawa hazistahamili joto la gari lililofungwa. Nyigu nao hujenga kwa udongo ndani ya kila kitundu, hasa kile cha kupumulia tanki na kile cha jiko la gesi. Funika kwa wavu mwembamba. Bomba la moshi lizibwe kwa kitambaa, na tundu la kuingizia hewa vivyo hivyo, kisha kila kilichozibwa na kila kilichovuliwa kiandikwe katika karatasi, na karatasi ifungwe kwa uzi katikati ya usukani, mahali ambapo hapana awezaye kuketi asiione. Hata fundi asiyelijua gari, au ndugu aliyeazimwa kwa dharura, ataisoma kabla ya kugeuza ufunguo.

Wasomaji wetu walioko Maskati wana msimu uliogeuka: wao hupiga kambi wakati wa baridi, na gari likalala katika joto la kiangazi, ambalo huua betri na tairi kuliko kutu. Nao walioko Minnesota au Kanada, wenye magari makubwa yenye vitanda na jiko ndani, hatari yao ni maji yaliyosahauliwa katika bomba, kwani maji yakiganda hupanuka karibu asilimia 9 na hupasua plastiki na shaba sawasawa. Huko bomba humwagwa, hita ya maji ikamwagwa, kisha hupitishwa ile dawa ya waridi isiyo na sumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kulanti ya rejeta isitumiwe kamwe katika bomba za maji ya kunywa, kwa maana aghalabu ni sumu.

Juma moja kabla ya safari, wala si usiku wa kuamkia, karatasi ile isomwe na kila neno likatwe kwa kalamu baada ya kutendwa. Tazama oili, kulanti na mafuta ya breki; funua boneti umtafute panya; pima upepo wa tairi zote tano; rudisha betri, chanya kwanza; washa injini uiache itulie bila ya kuikanyaga. Kisha liendeshe mwendo wa karibu, mathalani kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, na ukifika usiende moja kwa moja kutafuta kivuli. Lizunguke gari ukiweka kiganja karibu na kila gurudumu: manne hayo yawe na joto la kulingana. Lile linalopita wenzake kwa moto, breki yake imeng'ang'ania au beringi yake imekauka grisi, nalo lifunguliwe siku hiyo hiyo, kabla ya mzigo wowote kupakiwa.